Dada Wawili Katika Chungu Kimoja

Mama Emérita Mukamurenzi huhesabu vita kwa maharagwe. Ukimuuliza alihama Karuba kwa mara ya kwanza mwaka gani, atafikiri kidogo, kisha atakuambia ni mwaka yalipopotea yale meupe madogo yaliyokuwa yakiiva kabla ya mengine yote. Mara ya pili ni ile ya maharagwe ya zambarau, ambayo yaliachwa yakining'inia kwenye miti yake, hayajakauka. Tarehe anawaachia watu wa redio. Anachojua yeye ni kwamba siku alipotoka kwao Muheto kwenda kuolewa, mama yake alimfungia katika kitenge aina kumi na tisa za mbegu, konzi moja kutoka kwa kila shangazi na kila jirani, na kwamba mwanzoni mwa mwaka 2023 zilikuwa zimebaki kumi na nne.

Aina hizo kumi na nne zilikaa pamoja katika chungu kimoja cha udongo, nyuma ya mlango. Zilipandwa pamoja, zikavunwa pamoja, zikapikwa pamoja. Ndivyo wanawake wa milima ya Masisi wanavyolima maharagwe. Mvua ikizidi, aina fulani zitaoza na nyingine zitasimama. Mwaka unaofuata jua likizidi, zile zilizosimama ndizo zitakazolala. Lakini sufuria haikosi kitu. Anayepanda aina moja peke yake wanamtazama kama wanavyomtazama mtu anayejenga nyumba yenye nguzo moja.

Kwa sababu hiyo, Septemba ya mwaka 2021, Kyakimwa alipoingia uani kwake na mifuko miwili midogo ya kitambaa, mmoja umefungwa kwa uzi mwekundu na mwingine kwa uzi mweupe, Emérita alidhani msichana amepotea njia. Kyakimwa alikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yake, Papa Jacques, ni mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la vipuri na malori mawili, na hadi leo hajaelewa kwa nini binti yake hakusoma biashara. Yeye alikuwa anasoma kilimo Goma, mwaka wa mwisho, na alikuwa anatafuta kipande cha ardhi chenye uzio ambao ng'ombe hawawezi kuupita. Karuba kuna ng'ombe wengi kuliko uzio. Wa Emérita aliujenga marehemu mume wake, Hakorimana, aliyekuwa kapita kwenye shamba la mifugo kwa miaka ishirini na miwili, akiwasimamia wachungaji arobaini, na ambaye hakuwahi kumwamini ng'ombe hata mmoja.

Kyakimwa aliomba mbegu za mifuko ile zipandwe kila moja mahali pake, chini ya paa la plastiki la kuzuia mvua, na baada ya mavuno atunziwe, zisichanganyike.

“Iko maharagwe gani hii?” Emérita aliuliza. Alikuwa amemimina mbegu za mfuko mmoja kwenye kiganja cha kulia na za mwingine kwenye cha kushoto. Zote zilikuwa na rangi ya maziwa na mistari myekundu.

“Ni dada wawili, Mama. Baba moja, mama moja. Huyu wa uzi mwekundu anavumilia jua, mwenzake hapana.”

“Na kwa macho?”

“Kwa macho wako sawa kabisa.”

Emérita alizigeuza kwa kidole gumba, akazinusa, akazirudisha mifukoni. “Wacha niishi nabo kwanza,” akasema.

Kile alichokuwa akikitafuta Kyakimwa ndani ya majani hakikuweza kuonyeshwa kwa kidole. Alijaribu kukieleza kwa maneno, siku moja walipokuwa wakipalilia.

“Ndani ya jani, Mama, kuna jeni. Tuseme ni kama batu ya kazi. Karibu elfu ishirini na saba.”

“Kwa jani moja?”

“Kwa kila kipande kidogo cha jani. Sasa, wengi wao wanafanya kazi na mikono. Lakini kuna wengine kazi yao ni kusema tu. Wanaambia wenzao: wewe amka, wewe lala. Maji ikiisha kwa udongo, bale njo wanatoa amri.”

Emérita alisimamisha jembe. “Makapita.”

Kyakimwa alimtazama. Alikuwa ametafuta neno hilo kwa mwaka mzima. “Njo vile, Mama,” alikubali. “Makapita.”

“Na wewe unatafuta kapita gani?”

“Ukoo moja tu. Nimesoma jeni zote za maharagwe kwa ordinateri, kompyuta ya chuo, kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikaandika kila kapita wa ule ukoo. Wako themanini na kitu.”

“Themanini!” Emérita aliinua jani moja akalikagua chini na juu. “Makapita themanini humu ndani. Sasa nani analima?”

Kyakimwa alicheka mpaka akakaa chini katikati ya mistari. Alipopata pumzi alieleza kilichobaki. Orodha ilikuwa tayari. Kwenye orodha dada wote wawili walikuwa na makapita wale wale. Asilolijua ni nani kati ya hao themanini huamka maji yanapokwisha, na kama huamka saa ile ile kwa dada wote. Hapo Emérita hakuhitaji maelezo zaidi. Alikuwa amelala kando ya kapita kwa miaka thelathini.

“Kuna kapita anaamkaka mbele ya ng'ombe,” alisema, “na kuna kapita anangojaka jua imupige kwa mulango. Hakorimana alikuwa ule wa kwanza. Alinisumbua sana.”

Kuanzia siku hiyo Kyakimwa alisema makapita hata mbele ya wenzake wa Goma. Alikuwa akipanda milima kwenda Karuba mara moja kwa mwezi na kulala siku tatu, chumba kimoja na Tumukunde, mkwe wa Emérita, ambaye mume wake alikuwa amekwenda Walikale kuchimba madini na alituma salamu kuliko kitu kingine chochote. Kila alipoondoka, Kyakimwa alikuta chini ya vitabu vyake viazi vinne vilivyochemshwa, vimefungwa katika jani la mgomba, bado vya moto. Hakuna aliyevitaja. Mara moja alijaribu kushukuru, na Emérita akamwambia kwamba huenda ni panya waliviweka.

Kazi yenyewe ilikuwa na masharti. Majani yalipaswa kuchumwa saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda, yatiwe kwenye vichupa vya dawa, vichupa vitiwe kwenye sanduku la barafu, na sanduku lifike Goma kabla ya saa sita. Kwa hiyo katika misimu yote, wiki za kuyanyima maji, Kyakimwa alikuwa ameshaondoka kabla ya jua kali, na hakuwahi kuyaona maharagwe yake mchana. Emérita alikuwa nayo kutwa.

Majani ya msimu wa kwanza yaliharibika, pikipiki ilipokwama matopeni siku nzima. Ya msimu wa pili yalifika salama, na ndani yake, kwa yule dada wa uzi mwekundu, kapita mmoja alionekana ameamka mapema kuliko alivyotarajiwa. Lakini Apollinaire, mwalimu aliyekuwa akimsimamia Kyakimwa chuoni, alimwambia kwamba jambo lililoonekana mara moja halijaonekana. Ilibidi kupanda tena, Machi ya 2023. Wakati huo huo mbegu za akiba zilizokuwa kwenye droo Goma ziliingiwa na fukusi zikawa unga. Na kituo kilichozizalisha kilikuwa upande wa pili wa mapigano. Mbegu zilizobaki zilikuwa nyumbani kwa Emérita, katika mifuko miwili, uzi mwekundu na uzi mweupe, zikining'inia darini juu ya moshi.

Machi haikufika Karuba. Februari ilipokuwa inakwisha, milio iliyokuwa ikisikika mbali upande wa Mushaki ilianza kusikika na majibu yake. Watu walianza kupita barabarani asubuhi, kwanza wenye ng'ombe, halafu wenye watoto, halafu wote. Emérita alikunja blanketi, akachukua jembe na sufuria. Kisha akatandika mkeka katikati ya nyumba, akamimina chungu chote cha mbegu. Akaishusha mifuko ya darini, akaifungua, akamimina na hiyo.

“Mama,” Tumukunde alisema, akiwa na mtoto mgongoni, “ile ya Mademoiselle pia?”

“Ile pia.”

Alikoroga kwa mikono miwili, kutoka pembeni kwenda katikati, bila haraka, kama anavyofanya kila msimu wa kupanda. Akagawa sawasawa katika viroba viwili, kimoja chake na kimoja cha Tumukunde, wakatoka.

Mahali pa kuvuka mto, mtoto alikuwa analia, na Tumukunde aliweka kiroba chini ili amfunge upya. Watu walikuwa wengi. Alipoinama kukichukua hakukiona. Walifika Ngungu siku ya tatu, nyumbani kwa Adelaïde, dada wa marehemu Hakorimana, wakiwa na kiroba kimoja.

Kyakimwa aliwafikia Juni mwanzoni. Alipanda mtumbwi wa injini kutoka Goma hadi Minova, kisha pikipiki hadi Ngungu, na alishuka akiwa na matope hadi kifuani na mche wa sabuni mkononi. Walikumbatiana. Walihesabiana waliokuwako na waliokuwa hawajulikani walipo. Adelaïde alileta uji wa mtama. Kyakimwa alikunywa wote kabla ya kuuliza.

“Mama, na ile mbegu yangu?”

“Iko,” Emérita alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyengoja miezi mitatu kuulizwa hivyo. Alileta kiroba, akakifungua.

Kyakimwa alitazama ndani. Aliona nyeusi, njano, nyekundu, za madoa, na hapa na pale, kati ya nyingine, zile za rangi ya maziwa.

“Wa uzi mwekundu wako wapi?”

“Mule.”

“Na wa uzi mweupe?”

“Wote wako mule.”

“Mama,” Kyakimwa alisema polepole, “nilikuomba kitu moja. Moja tu.”

“Uliniomba nikuwekee. Nilikuwekea.”

“Niliomba usichanganye! Sasa nani atajua huyu ni nani? Kwa macho wako sawa! Miaka mbili, Mama. Miaka mbili yote iko humu, na haina maana tena.”

Akalia. Hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye kigoda cha Adelaïde na machozi yakadondokea matope ya magoti yake. Emérita alifunga kiroba, akakirudisha ndani. Tangu akiwa msichana, wanawake walikuwa wakimletea mbegu awachagulie na kuwatunzia, na hakuna aliyewahi kulia mbele yake kwa sababu ya mbegu aliyoitunza yeye.

Siku mbili hakusema kitu. Adelaïde, ambaye hawezi kuishi na kimya, alijaribu kumchokoza.

“Emérita we, meno imeuma?”

“Hapana.”

“Basi sema. Unanitisha miye, hata ukuta wangu.”

Siku ya tatu asubuhi Emérita aliketi uani na ungo mapajani, akaanza kuchambua. Kyakimwa alikuwa anafunga mfuko wake ili arudi Goma. Alisimama mlangoni kuangalia. Mkono wa Emérita ulipita juu ya mbegu kama wa mtu anayepiga kinanda anachokijua, ukiokota za rangi ya maziwa na kuzitupa kwenye bakuli. Mara nyingine aliokota moja, akaisugua kwa kidole, akairudisha. Kati ya aina zake kumi na nne kulikuwa na moja iliyofanana na dada wale, ila ngozi yake ilikwaruza. Saa nane alikuwa amemaliza. Mbegu mia moja sitini na tatu.

“Hawa njo dada zako,” alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha. “Wote wawili, pamoja.”

“Ndiyo, Mama. Pamoja njo shida.”

“Kaa chini. Nikuulize. Tulikuwa batu wawili na mizigo miwili. Ningemupa Tumukunde ule mufuko ya uzi mweupe, miye nichukue ya uzi mwekundu, leo ule mweupe iko wapi?”

Kyakimwa alitua mfuko wake mlangoni.

“Iko kwa mutu tusiyemujua, anakula na chumvi. Njo maana tunachanganyaka mbele ya safari. Mutu moja akipoteza, hapotezi kabila ya mbegu. Kila muzigo iko na bote.”

Tumukunde, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto pembeni, aliinamisha kichwa. Kyakimwa alitazama bakuli. Kisha akaja kukaa chini kwenye udongo, karibu na miguu ya mama huyo.

“Ulifanya vizuri,” alisema. “Lakini siwezi kuwatenganisha.”

“Wewe hapana. Miye ndiyo.”

“Kwa macho wako sawa.”

“Kwa mbegu wako sawa. Kwa shamba hapana. Saa nne, jua ikianza kuuma, mwekundu anakunjaka majani. Anayasimamisha hivi, kama mutu anaweka mikono mbele ya uso. Mweupe anangojaka mpaka saa sita, ameshachoka, njo anakunja. Kila siku. Hukuona?”

Kyakimwa alifikiri. Alikuwa na daftari tatu zilizojaa vipimo vya mimea ile, na kila kipimo kilikuwa cha saa moja asubuhi.

“Mbona hukuniambia?”

“Wewe njo umesoma. Nilifikiri unajua.”

Apollinaire alipopigiwa simu kutoka kilima cha juu, mahali pekee pa Ngungu penye mtandao siku hiyo, alimfanya Kyakimwa aeleze mara mbili. “Kyakimwa, nataka nielewe. Kwenye mémoire, kitabu chako cha kumaliza chuo, mahali pa kuandika kifaa kilichotumika, tutaandika nini? Macho ya Mama?” Lakini alikuwa mtu wa haki. Alisema maabara moja ya Kampala ilikuwa imempa nafasi ishirini za kupima vinasaba, si zaidi. Mama achague kwa macho yake. Majani ishirini yapimwe. Kama amekosea nusu, basi ni sawa na kurusha shilingi, na Kyakimwa atafute somo jingine. Kyakimwa alirudi akamweleza Emérita hivyo hivyo, bila kupunguza neno.

“Ishirini,” Emérita alisema. “Sawa.”

Ilihitajika sehemu isiyopata mvua, maana hata Juni Ngungu inaweza kunyesha. Emérita alipanda juu ya jiko la Adelaïde, akafungua turubai lililokuwa likiziba paa, akalishusha. Lilikuwa turubai alilopewa yeye kwenye ugawaji wa misaada, kwa hiyo hakuomba ruhusa.

“Jamani!” Adelaïde alitoka na mwiko. “Na mimi nitapika wapi?”

“Pika hapo hapo. Mvua ikinyesha, ongeza chumvi.”

“Maharagwe yatalala ndani, na siye tunalowana inje! Hakorimana angekuona!”

“Hakorimana angeshika upande ule mwingine.”

Adelaïde alisonya, akaweka mwiko chini, akashika upande ule mwingine. Walisimika nguzo nne pembeni na moja katikati, wakatandaza turubai juu sana ili jua la asubuhi na la mchana liingie ubavuni, wakapanda mbegu moja moja. Ziliota mia moja hamsini na moja. Kyakimwa alizipa namba, kila moja na kijiti chake. Kwa wiki tano walizimwagilia, na wiki ya sita wakaacha.

Kwa siku nane Emérita hakufanya kitu kingine. Alikaa kwenye kigoda kati ya mistari kuanzia saa tatu hadi saa saba, mkononi akiwa na nyuzi alizofumua kutoka kitambaa chekundu na kingine cheupe. Hakufunga uzi siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Wanawake waliokuwa wakitoka shambani walisimama kwenye uzio.

“Mama Emérita, umekuwa mulinzi wa maharagwe?”

“Nangoja baamke.”

“Wakiamka watakusalimia?”

“Kuliko nyinyi.”

Kyakimwa alikaa karibu naye. Siku ya nne, mnamo saa nne na robo, aliona kwa macho yake mwenyewe. Mche namba kumi na mbili ulikuwa umeinua majani yake matatu matatu, yakasimama wima, makali yake yakilielekea jua. Namba kumi na tatu, sentimita ishirini kutoka hapo, ulikuwa bado umetandaza yake kama viganja. Kyakimwa alishika kalamu. Aliandika saa, akavuta kigoda chake mbele, na tangu hapo hakuondoka tena kabla ya saa saba.

Siku ya tano Emérita alianza kufunga nyuzi. Alifunga nyekundu kwenye miche sabini na minne, nyeupe kwenye sitini na minane. Tisa aliiacha wazi.

“Na hii tisa?”

“Hii sijui. Leo inakunja mapema, kesho inachelewa.”

“Kisia tu, Mama. Apollinaire anataka jibu kwa kila mche.”

“Nikisema uongo juu ya moja, zote zimekuwa za uongo. Mwambie Mama hajui.”

Kyakimwa alichuma majani ishirini: tisa kutoka kwenye nyuzi nyekundu, tisa kutoka kwenye nyeupe, na mawili kutoka kwa wale wasiojulikana. Hakuandika rangi kwenye bahasha. Aliandika namba peke yake, ili maabara isijue kilichosemwa na Mama. Alichuma pia majani kwa ajili ya makapita wake, kwenye vichupa vya dawa. Papa Jacques ndiye aliyempelekea barafu hadi Minova, akilalamika njia nzima kwamba hajawahi kusafirisha mzigo usiouzika. Alfajiri ya kuondoka, Kyakimwa alipofungua mfuko wake kutafuta kalamu, alikuta viazi vinne katika jani la mgomba. Viazi vilikuwa vya Adelaïde. Panya, ilionekana, walikuwa wamehamia Ngungu.

Agosti ilipita bila habari. Emérita hakumtaja Kyakimwa wala maabara, ila alianza kuwakatalia wanawake waliomletea mbegu za kuchagua. “Ngojeni kwanza,” aliwaambia. Kila mche ulipokauka aliuvuna peke yake, akafunga mbegu zake katika ganda la hindi na kuandika namba kwa mkaa. Tarakimu alizijua vizuri, darasa la tatu lilimtosha kwa hilo. Maganda ya wekundu aliyatia kwenye kikapu kimoja, ya weupe kwenye kingine, na yale tisa kwenye bakuli.

Kyakimwa alirudi mwishoni mwa Septemba. Safari hii hakungoja uji. Aliketi kwenye kigoda cha uani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Adelaïde alitoka jikoni. Tumukunde alikuja na mtoto. Emérita aliendelea kupukuchua ganda alilokuwa nalo mkononi.

“Wekundu,” Kyakimwa alisoma. “Tisa kwa tisa. Wote ni wekundu kweli.”

Adelaïde alipiga kigelegele.

“Nyamaza kwanza,” Emérita alisema. “Na weupe?”

“Nane kwa tisa.”

“Na bale sikuwajua?”

“Hao, Mama, si mwekundu, si mweupe. Ni watoto wao. Huko Karuba nyuki alitoka kwa dada moja akaenda kwa mwingine. Wako na nusu ya huyu na nusu ya huyu. Ndiyo maana hukujua. Apollinaire amesoma ile mistari mara tatu. Amesema nikusalimie, na amesema kwa mahali pa kifaa niandike jina lako lote. Na yule kapita, Mama: ameamka tena, kwa wekundu tu, sawa na mara ya kwanza.”

Kigelegele cha pili cha Adelaïde kilifika kwa jirani. Tumukunde alikuwa analia na kucheka. Emérita peke yake hakuonekana kufurahi kama alivyopaswa.

“Nani nilikosea?”

“Moja tu, Mama. Si kitu.”

“Namba gani?”

Kyakimwa aliangalia karatasi. “Tisini na saba. Ulimuita mweupe, kumbe ni mwekundu.”

Emérita alinyanyuka. Turubai lilikuwa limesharudi juu ya jiko, lakini nguzo ya katikati ilikuwa bado imesimama, na vijiti vya namba bado vilikuwa ardhini. Alitembea mpaka kwenye kijiti cha tisini na saba, akasimama, akatazama jua, akatazama nguzo.

“Kivuli,” alisema. “Angalia. Saa nne kivuli ya nguzo ilikuwa hapa. Alikuwa hajapigwa na jua, njo maana hakukunja. Siye tulisimika vibaya.” Alishika kiuno, akafuata mstari kwa macho. “Basi na hawa watatu walikuwa kwa kivuli: tisini na sita, tisini na nane, na ule wa nyuma, mia na kumi. Niliwaita weupe bote. Hawakupimwa?”

“Hapana.”

“Basi siwajui na wao. Usiwachukue.”

Kyakimwa alifungua daftari, akakata namba hizo nne moja baada ya nyingine kwa mstari ulionyooka, na pembeni akaandika sababu. Emérita alirudi kwenye vikapu, akatafuta maganda yenye namba hizo, akayatoa. Ndipo alipomkabidhi binti huyo kikapu chekundu, kisha cheupe, kwa mikono yote miwili, na Kyakimwa akavipokea kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza tangu Februari Emérita aliketi, akaketi kweli, mgongo ukagusa ukuta.

Yalibaki maganda kumi na matatu: manne ya kivulini na tisa ya wale watoto wa nyuki.

“Hizi unafanya nini, Mama?” Kyakimwa aliuliza.

Emérita alivuta chungu kipya kilichokuwa nyuma ya mlango wa Adelaïde, chenye aina zake kumi na nne. Alimimina ganda la kwanza humo, na la pili, mpaka la mwisho, akaingiza mikono miwili na kukoroga kutoka pembeni kwenda katikati. Mbegu za rangi ya maziwa zilionekana juu kidogo, kisha zikazama kati ya nyeusi na njano.

“Hizi tunapanda kesho,” alisema. “Humu hakuna mutu anaulizwa jina.”

Adelaïde alichungulia chunguni. “Basi sasa ziko kumi na tano.”

“Kumi na tano,” Emérita alikubali, na akaomba aletewe ungo, kwa sababu wanawake wawili waliokataliwa Agosti walikuwa tayari wamesimama kwenye uzio na mbegu zao.